Mahali Machela Inapolala

Mipiko miwili ya machela ilikuwa imelazwa uani kwa mjomba Kasimiri, juu ya gunia tupu, na yote miwili ilikuwa imepinda kama mbavu za ng'ombe. Anastasia alichuchumaa kando yake. Akapitisha kidole upande wa juu wa mpiko wa kwanza, akaugeuza, akapitisha upande wa chini, kisha akaunusa. Ulinuka moshi.

“Maiti hainuswi, shemeji,” alisema Mwinshehe. “Tuambie tu tuizike wapi.”

Wanaume waliokuwa barazani walicheka. Mwinshehe alikuwa kiongozi wa wabebaji wa kijiji cha Lugaga, na pia alikuwa kaka wa mume wa Tumaini, mdogo wake Anastasia. Alikuwa na haki zote za kumtania, na hakuacha hata moja ilale.

Mwaka uliopita mipiko ile ilipanda mlimani ikiwa imenyooka. Anastasia aliitengeneza mwenyewe katika karakana yake ya Kihonda, ambako siku nyingine hukarabati bampa za magari na kutengeneza mifuniko ya matangi kwa faiba. Kwa kazi ya machela hakutumia faiba. Alichukua nyuzi ndefu za katani, akazilowesha resini, gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu, akazipanga kwa urefu juu ya bomba la plastiki, akazifunga kwa nyuzi nyingine za kuzunguka. Resini ilipoganda, akalichomoa bomba. Kilichobaki kilikuwa mrija mgumu, mtupu katikati, mwepesi kiasi kwamba yote miwili aliibeba kwa mkono mmoja. Mipiko ya zamani ilikuwa ya mkaratusi. Ile ilimchosha mtu kabla mgonjwa hajapanda.

Wepesi ule haukuwa anasa. Kutoka Lugaga hadi bondeni, kwenye kituo cha afya ambako gari linafika, hakuna njia ya pikipiki. Mgonjwa hubebwa. Na katikati ya njia kuna mahali panapoitwa Kipenyo, ambapo njia imechimbwa kwenye ubavu wa jabali, jiwe upande huu, korongo upande ule. Kwingine kote machela hubebwa na watu wanne, wawili mbele na wawili nyuma, na wengine wakifuata kupokezana. Penye Kipenyo hupita mtu mmoja mbele na mmoja nyuma, basi. Kwa mipiko ya mkaratusi uzito ule haubebeki na watu wawili, kwa hiyo mgonjwa huteremshwa, akatembezwa au akaburutwa mpaka upande wa pili. Kwa mipiko ya katani, watu wawili walipita naye akiwa amelala. Kwa miezi kadhaa Lugaga ilijisifu.

Kisha ikaja siku ya mzee Stefano, aliyevunjika nyonga. Wabebaji walipoitoa machela ilikohifadhiwa walikuta mipiko imepinda. Kwa kuwa hawakuwa na nyingine iliyo tayari, walimpakia hivyohivyo. Kitu kilichopinda, ukikipa mzigo, hutaka kujigeuza ili tumbo liangalie chini, na mipiko ile ilijigeuza mikononi mwao. Mzee Stefano akateleza, akaanguka matopeni. Hakuumia zaidi ya alivyokuwa ameumia, lakini aliwatukana mpaka kituo cha afya, na baada ya hapo hakuna mbebaji aliyekubali kuigusa tena.

“Plastiki ni plastiki,” alisema Mwinshehe. “Hata ndoo ukiiweka juani inalegea. Sisi tumerudi kwenye mkaratusi wetu. Mzito, lakini haujifanyi mwingine.”

“Mliiweka wapi?” aliuliza Anastasia.

“Nini?”

“Machela. Ilipokuwa haina kazi, ililala wapi?”

Mwinshehe alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza upande gani. “Uchagani, jikoni kwa mjomba. Kwani machela hulala wapi?”

Anastasia akainuka, akaingia jikoni. Juu ya mafiga, kimo cha mkono ulionyooshwa, kulikuwa na uchaga wa fito, mweusi kwa masizi, umejaa mahindi ya mbegu, nyungo, mianzi ya kujengea. Kila mtu Lugaga hufanya vile. Mwanzi usiofukizwa hubunguliwa ukageuka unga. Mwanzi uliokaa juu ya moshi hudumu mpaka wajukuu. Machela waliipa nafasi ileile ya heshima. Wakaifunga kwenye fito mbili, moja kila mwisho, katikati ikabaki hewani. Na kwa kuwa ilikuwa imara, baada ya mavuno walipakia magunia ya maharage juu yake.

Hawakuitupa. Waliitunza kama wanavyotunza kila kitu cha thamani, na ndivyo ilivyopinda.

Alirudi uani. Mjomba Kasimiri alikuwa ametoka na kiti chake cha kukunja. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ndogo ambayo watu hunyamaza ili waisikie.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mwanangu. Umeona?”

“Nimeona.”

“Sasa nisikilize. Nesi amemwambia Tumaini kwamba kondo la nyuma limekaa chini, limeziba mlango. Hatazaa kwa njia ya kawaida, atapasuliwa mjini. Na asitembee kwenye mteremko, wala asishtuliwe, kwa maana damu ikianza kutoka huku juu, hatutamfikisha. Amepewa siku. Jumamosi ya wiki ijayo awe bondeni, gari litakuwa linamngoja.”

“Najua, mjomba.”

“Penye Kipenyo hawezi kuteremshwa. Mgongoni habebeki, tumbo lile. Wanaume wangu wanasema watajaribu na mkaratusi, watu wawili. Mimi nimepita Kipenyo maisha yangu yote, sipendi neno ‘watajaribu’.” Kwa Waluguru watoto wa dada ni wa mjomba, na neno la mwisho juu ya Tumaini lilikuwa lake, si la mume. “Unaweza kutengeneza nyingine?”

“Naweza.”

“Isiyopinda?”

Anastasia angeweza kusema ndiyo, na kila mtu pale, hata Mwinshehe, alitaka aseme ndiyo. “Sijajua bado kwa nini hii imepinda,” alisema. “Nadhani najua. Kudhani hakutoshi.”

“Basi nenda ukajue. Lakini utaijaribia hapa, mbele ya watakaobeba. Si Kihonda.”

*

Katika kila kazi Anastasia hubakiza kipande, akakiandika tarehe na kukiweka kabatini. Kwa hiyo alikuwa na ndugu wa mipiko ile, kipande kilichotoka kwenye resini ileile na siku ileile, ambacho hakijawahi kuona moshi wala gunia. Alikata kipande cha ukubwa uleule kutoka kwenye mpiko uliopinda, akaviweka viwili mezani.

Shakila, mwenzake wa karakana, alikuja akifuta mikono. Alikuwa mzaliwa wa Msamvu, mwepesi wa mkono na wa ulimi.

“Huo wa mlimani umekwisha, dada. Cheki ulivyokuwa mweusi. Moshi umeula mpaka ndani.”

“Ndivyo nilivyodhani na mimi.”

“Sasa?”

“Angalia hapa.” Alimwonyesha upande uliokuwa juu, uliobeba magunia. Ulikuwa na mikunjo midogo, kama ngozi ya kiwiko. Upande wa chini ulikuwa laini, haukuwa na ufa wala uzi uliokatika. “Ukiweka mzigo juu ya mpiko, upande wa chini unavutwa, upande wa juu unagandamizwa. Katani haiogopi kuvutwa. Inaogopa kusukumwa. Ukiusukuma uzi unajikunja, na kinachouzuia usijikunje ni resini. Hapa katani haikushindwa. Resini ililegea, ikauacha uzi ujikunje.”

“Kwa joto la jikoni tu?”

“Hilo ndilo tunaliangalia.”

Waliweka sufuria ya maji kwenye jiko la mkaa na kipimajoto ndani yake. Kila kipande kilibanwa mwisho mmoja na kuning'inizwa jiwe mwisho wa pili, mawe ya uzito mmoja. Maji yalipofika digrii sitini na tano, joto ambalo mkono hauvumilii lakini bado hayachemki, walivizamisha vyote pamoja.

Kipande kimoja kiliinama, taratibu, mpaka jiwe likagusa kitako cha sufuria. Kingine hakikutikisika.

“Si nilikwambia,” alisema Shakila. “Wa mlimani umekufa.”

“Huo ulioinama si wa mlimani.”

Shakila aliinamia sufuria. Kilichoinama kilikuwa cheupe, safi, na tarehe yake ilisomeka vizuri. Kile cheusi, kilichokaa juu ya moto miezi yote, kilikuwa kimesimama kama msumari.

“Umevichanganya.”

“Nimevichanganya vipi, na kimoja cheusi kingine cheupe?”

“Basi mawe.”

Wakabadilisha mawe, wakarudia kwa vipande vipya. Jibu likawa lilelile. Shakila akachukua msumeno, akakata kipande cheupe katikati, akanusa ungaunga wake na kurudisha kichwa nyuma. Harufu kali ya resini mbichi ilipanda kana kwamba kopo limefunguliwa asubuhi ile. Akakata cheusi. Hakikuwa na harufu ila ya moshi.

“Duh,” alisema. “Huu mweupe haujaiva.”

Anastasia alikaa juu ya pipa. Sasa alijua, na alichojua hakikumpendeza. Aliimwaga ile resini mwezi wa saba, asubuhi za baridi. Kwa kuwa nyuzi zilikuwa ndefu na alihitaji muda wa kuzipanga, alitia dawa kidogo ya kugandisha. Mpaka jioni mipiko ilikuwa imeganda. Aliigonga ikalia kama mfupa, akaridhika. Lakini kuganda ni jambo moja na kuiva ni jingine. Resini iliyoganda baridini hubaki na sehemu ambayo haijashikana, na hiyo ikipata joto kwanza hulegea. Joto likiendelea ndipo inashikana, na inashikana katika umbo lolote ililokutwa nalo. Tofali bichi ukilikanyaga huacha alama ya unyayo. Ukilichoma, alama hiyo hutaifuta tena. Mipiko ilikuwa imebeba magunia wakati inaiva. Uchaga haukuiharibu. Uchaga uliimaliza kazi ambayo yeye aliiacha nusu.

“Kwa hiyo kosa la nani?” aliuliza Shakila. “La magunia au letu?”

“Letu. Sikuuliza inalala wapi. Nilipima uzito wa mgonjwa, nikapima upana wa njia, nikapima mpaka mabega ya Mwinshehe. Siku nyingi machela haibebi mtu. Imelala. Na hilo sikulipima.”

Mchana ule wakaanza upya. Hawakubadilisha katani wala kipimo cha mrija. Waliziosha nyuzi kwa maji ya magadi ili resini izishike vizuri, wakazianika ndani kwa kuwa nje kulikuwa na mvua, wakazipanga juu ya bomba kama mara ya kwanza, wakaziba ncha zote mbili kwa resini ili unyevu usipate mlango. Mipiko ikaganda. Ikalia kama mfupa ilipogongwa. Anastasia hakuisikiliza.

Iliyobaki ilikuwa kuivisha, mipiko ikiwa imenyooka, kwa joto la digrii themanini hivi, kwa saa nyingi. Shakila alijenga kasha la mabati, akalipaka rangi nyeusi, wakaliweka juu ya paa. Siku ya jua la Kihonda kasha lile lingeweza kukaanga yai. Lakini masika yalikuwa hayajakatika, mawingu yalikuwa yameshuka kutoka Uluguru na kulala juu ya mji, na mpaka alasiri kipimajoto hakikupita arobaini. Wakauliza kwa mwoka mikate wa Mazimbu. Tanuri lake lilikuwa na moto wa kutosha na urefu wa nusu mpiko.

“Tuukate tuuoke vipande viwili,” alisema Shakila. “Halafu mgonjwa naye tumbebe vipande viwili.”

Anastasia hakucheka. Alikuwa anaangalia kipande cheusi mezani.

“Tunaupeleka uchagani,” alisema.

“Uchaga upi?”

“Ulioupinda ule wa kwanza.”

“Dada, watakuchinja.”

“Joto lake linatosha. Hiki kipande ni shahidi. Kilichokosekana ni kitanda.”

*

Alifika Lugaga Jumatano asubuhi, mipiko begani, na nyuma yake mpwa wa Mwinshehe, mwanamume mnene aitwaye Abuu, akibeba mbao mbili ndefu na kulalamika kila kona. Mwinshehe alipojua mipiko inakwenda wapi, alipiga makofi.

“Njooni mwone! Mtu ameumwa na nyoka, anarudi shimoni kumuuliza nyoka anaendeleaje!”

“Nyoka hajambo,” alisema Anastasia. “Shika mwisho huo.”

Walizipigilia mbao pamoja zikawa mfereji ulionyooka, wakazilaza uchagani kutoka ukuta hadi ukuta, zikashikiliwa na fito kila hatua. Ndani ya mfereji akamimina mchanga mkavu, akaulaza mpiko mmoja na wa pili, akaifunika kwa mchanga huohuo. Hapakuwa na mahali pa kuinamia. Kipimajoto kikaning'inizwa kwa uzi, ncha yake imefukiwa mchangani kando ya mpiko. Magunia yote ya maharage yalihamishiwa chumbani kwa mjomba, ambaye usiku huo alilala kama mlinzi wa ghala.

Mke wa mjomba, Mama Amani, alisimama mlangoni mikono kiunoni. Jikoni mwake hamkuwahi kuingia wanaume watatu kwa pamoja.

“Mnataka moto gani?” aliuliza. “Wa ugali au wa maharage?”

“Wa maharage, mama. Usio na haraka. Kipimajoto kikifika hapa,” alichora mstari kwa wino, “uupunguze.”

“Na maharage yenyewe nipike?”

“Pika.”

“Basi angalau tutapata chakula kwenye upuuzi huu.”

Moto ulikaa siku mbili. Asubuhi hadi magharibi Anastasia alikaa kwenye kigoda karibu na mafiga, macho yakimtoka machozi kwa moshi, akiangalia mstari wa wino. Mara moja moto ulipanda kupita mstari, akauvuta ukuni mwenyewe bila kusubiri. Tumaini alikuja kukaa naye, mkono juu ya tumbo, miguu imenyooshwa kwenye mkeka.

“Dada, unaogopa?”

“Sijui bado.”

“Mtu hajui kama anaogopa?”

“Nikimaliza kupima nitakwambia.”

Tumaini alicheka mpaka akajishika tumbo. “Mtoto wangu akirithi hiyo akili, nitamrudisha.”

Ijumaa asubuhi waliitoa mipiko, wakaipangusa masizi. Ilikuwa na rangi ya asali iliyochomwa, na ilikuwa imenyooka. Hilo peke yake halikumshawishi mtu. Hata ile ya kwanza ilianza ikiwa imenyooka.

Vinu viwili vilipinduliwa uani, mpiko ukalazwa juu yake, mwisho mmoja kwenye kila kinu. Anastasia alifunga uzi kutoka ncha hadi ncha, ukavutika ukagusa mpiko kwa urefu wote. Kisha akawaambia walete magunia. Si mawe wala mchanga. Maharage yaleyale, magunia yaleyale yaliyoupinda ule wa kwanza. Wabebaji walikuwa wamekuja wote. Gunia la kwanza likafungwa katikati, likafuata la pili. Mpiko ulishuka kidogo chini ya uzi, upana wa kidole, ukatulia.

“Hata ule wa kwanza ulibeba,” alisema Mwinshehe. Alisema kweli, na Anastasia alitikisa kichwa kukubali.

“Mama, yale maji.”

Mama Amani alitoka na sufuria ikifuka mvuke. Anastasia alikunja kanga juu ya mikono, akaipokea, akasimama kando ya mpiko uliobeba magunia, akaanza kumimina katikati, pole pole, pale penye mzigo. Akageuka, akapewa sufuria ya pili, akamimina tena. Maji yalitiririka kwenye magunia, yakalowesha miguu yake. Akachukua kipande kidogo cheupe, ndugu wa mipiko ya mwaka jana, akamkabidhi Abuu kikiwa ndani ya kikombe cha maji yaleyale.

“Kikunje.”

Abuu alikikunja kwa vidole kama ukanda. Macho yakamtoka.

“Sasa njooni muangalie uzi.”

Wote waliinama. Nafasi kati ya uzi na mpiko ilikuwa ileile, upana wa kidole. Magunia yalipofunguliwa mpiko ulirudi ukagusa uzi.

Mwinshehe alivua ndala.

“Maharage hayarukiruki,” alisema. “Penye njia mtu anateleza, mzigo unajirusha. Mimi nataka kuurukia.”

“Rukia.”

Akakaa katikati ya mpiko, akajiinua, akajiachia. Mara ya pili akajiachia kwa nguvu zaidi, na ndipo ukasikika mlio, mdogo, mkavu, kama njiti ya kiberiti inayovunjika. Kila mtu aliusikia. Mwinshehe aliganda na miguu hewani.

“Shuka,” alisema Anastasia. “Msiuguse.”

Aliupangusa mpiko kwa kitambaa chenye maji, kwa urefu wote, akiangalia mahali ambapo unyevu ungeingia na kubaki kama mstari mweusi. Akaupata mstari, karibu na kinu cha kushoto, mfupi kama ukucha. Alichukua kisu, akakwangua. Lilikuwa tone la resini lililochuruzika wakati wa kutengeneza na kugandia juu ya ngozi ya mpiko. Likabanduka lote. Chini yake katani ilikuwa nzima, nyuzi zimelala sambamba, hakuna hata moja iliyokatika. Akapangusa tena, akaangalia tena. Akauzungusha robo, akaangalia upande wa pili, kisha mpiko wa pili wote.

“Mimi ningesema si kitu,” alisema Mwinshehe.

“Ndiyo maana wewe unabeba na yeye anatengeneza,” alisema Tumaini kutoka mlangoni, na sasa waliocheka walimcheka Mwinshehe.

“Kaa tena,” alisema Anastasia. “Palepale. Ruka kama ulivyoruka.”

Mwinshehe aliruka mpaka akatoka jasho. Baada yake Abuu, ambaye uzito wake ulijulikana, akaruka, kisha wote wawili pamoja wakakaa wamekumbatiana kama wachumba, wenzao wakiwapigia vigelegele. Uzi ukarudi ukagusa mpiko, na mpiko wa pili, ulipopitishwa majaribio yaleyale, ukafanya vilevile. Anastasia alimgeukia mjomba.

“Itabeba,” alisema.

Mjomba Kasimiri alikunja kiti chake. “Kesho saa kumi na mbili,” aliwaambia wabebaji. “Mkaratusi uacheni nyumbani.”

*

Ukungu ulikuwa umeshika miti walipoondoka. Tumaini alilala ubavu wa kushoto kama nesi alivyoagiza, amefunikwa mablanketi mawili, na turubai la machela lilikuwa limepitishwa kwenye mipiko na kushonwa na mjomba mwenyewe. Watu wanne wakabeba, wengine wakafuata. Anastasia alitembea nyuma kwa mkono wa kulia, mahali alipoweza kuona mpiko mmoja kwa urefu wote.

“Dada,” aliita Tumaini, “unaniangalia mimi au mti wako?”

“Mti.”

“Nilijua.”

Walipofika Kipenyo wakasimama. Wawili wakatoka. Mwinshehe akabaki mbele, Abuu nyuma, mikanda ya turubai ikapitishwa mabegani mwao na kufungwa kwenye ncha za mipiko. Hapo uzito wote, mama na mtoto, ukawa juu ya watu wawili na mirija miwili ya katani. Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye jabali na njia iling'aa. Mwinshehe hakutania. Alitanguliza mguu, akaupima, akauhamishia uzito, akatanguliza mwingine.

Katikati ya njia Abuu aliteleza. Goti lake moja likapiga jiwe, na mzigo wa nyuma ukashuka kwa kishindo, ukajirusha, ukashuka tena. Tumaini alitoa sauti. Anastasia aliona mpiko ukiinama, akaona ukirudi. Hakukusikika mlio.

“Simameni,” alisema. “Tumaini. Kuna maji yoyote? Damu?”

Mkono wa Tumaini ulipita chini ya blanketi, ukatoka. Aliuangalia.

“Hakuna. Amepiga teke tu. Amekasirika.”

“Abuu, goti?”

“Lipo,” alisema Abuu kwa meno yaliyobanwa, akainuka.

Wakamaliza Kipenyo. Upande wa pili wabebaji wanne wakapokea, na Abuu akakaa kwenye jiwe akakunja suruali, goti limechubuka, akawa wa kwanza kucheka. Anastasia alipitisha kitambaa chenye maji kwenye mipiko yote miwili, kuanzia mbele hadi nyuma, wakati wengine wanapumua. Hakupata mstari. Ndipo akashika mkono wa mdogo wake.

“Sasa umemaliza kupima?” aliuliza Tumaini.

“Nimemaliza.”

“Na jibu?”

“Niliogopa.”

Gari lilikuwa linangoja bondeni, na ndani yake nesi na Hafidhi, mume wa Tumaini, aliyesafiri usiku kucha kutoka kwenye mashamba ya miwa. Tumaini alihamishwa kutoka kwenye turubai hadi kwenye kitanda cha gari bila mguu wake kugusa ardhi. Anastasia akapanda naye. Kabla mlango haujafungwa, Mwinshehe alikuja akiwa na mipiko begani, turubai limezungushwa juu yake.

“Shemeji. Hii tukifika nayo juu, tuiweke wapi?”

Alikuwa hatanii. Aliuliza kama anavyoulizwa mtu anayejua.

“Uchagani,” alisema Anastasia. “Kwenye mfereji wake, kwa urefu wote. Moshi hauna shida.”

“Na magunia?”

“Magunia kwa mjomba.”

Mwinshehe aliupiga mpiko kofi moja, kama mtu anavyompiga ng'ombe aliyemzoea, akageuka kuukabili mlima.